Picha ya Pili

Buffalo, 9 Novemba 2014

Jovini mdogo wangu,

Mimi ni mzima. Mgongo unauma, na nyumba yetu hapa West Side inapitisha upepo kila mahali penye mbao, yaani kila mahali. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unaishi na wanaume wanne katika vyumba viwili, na yule mwinjilisti wenu akisikia ninachotaka kukuambia atafunga siku tatu kuniombea bila hata kuniuliza.

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi kuna mzee Mchina anaitwa Hsu. Ana miaka themanini na nane, na zamani alikuwa mwalimu wa hesabu chuoni. Wenzangu wanamkwepa kwa sababu anarusha vijiko. Mimi alinipenda siku nilipoonja supu yake nikamwambia hata mimi ningeirusha. Basi sasa namwogesha mimi, namlisha mimi, na kila asubuhi baada ya chai ananiita kwenye meza yake ya dirishani anifundishe kuuliza.

Sikiliza inavyofanyika. Unashika sarafu tatu za robo dola, unaweka swali moja moyoni, unazirusha. Upande wa kichwa ni tatu, upande wa pili ni mbili, unajumlisha. Ikitoka saba au tisa unachora mstari mzima. Ikitoka sita au nane unachora mstari uliokatika katikati. Unarusha mara sita, unapata mistari sita, na hiyo ndiyo picha. Zipo sitini na nne, na kila moja ina jina na maelezo yake katika kitabu chake kilichochakaa, Kichina upande huu na Kiingereza upande wa pili.

Lakini hapo umefika nusu tu. Sita na tisa anaziita mistari iliyochoka. Hiyo inageuka: mzima unakatika, uliokatika unaungana. Ukiigeuza na kuchora upya unapata picha ya pili. Ya kwanza ni pale ulipo, ya pili ni pale unapokwenda. Jana nilijidai kumsomea picha moja peke yake, akapiga meza kwa kiganja. Akasema mtu anayesoma ya kwanza akaacha ya pili ni mwongo hata kama kila neno lake ni kweli.

Najua Dada Agata ataita ramli. Mwache. Katika familia hii yeye ndiye anayeulizwa kila kitu tangu tukiwa kambini Mtabila, na mimi ndiye ninayetumwa kuchota maji. Safari hii niulize mimi kitu.

Dada yako,
Fides


Columbus, 30 Novemba 2014

Dada Fides, shikamoo.

Televisheni ilituonyesha Buffalo imefukiwa na theluji mpaka madirishani. Dada Agata alinipigia kutoka Louisville analia. Nikamwambia theluji iko upande mwingine wa mji, Fides yuko salama anacheza kamari na Mchina. Alikata simu.

Haya, nimekuuliza. Nimerusha sarafu kwenye meza ya jikoni wakati mwinjilisti yuko kazini. Swali: niache kiwanda cha mikate niende ghala la viatu lililo karibu na Morse Road, au nibaki? Mistari yangu nimeichora nyuma ya karatasi hii. Mkate nimeuchoka, nakuambia ukweli, hata nguo zangu za kanisani zinanuka hamira.

Kanyana anakusalimu. Ruta ameanza darasa la kwanza. Nilimuuliza kwenye simu anasoma nini, akasema anasoma ubao. Miaka inakwenda, dada. Niliondoka kambini 2008 yeye akiwa tumboni, kwa sababu nilimwoa Kanyana baada ya faili letu la kuhamia Marekani kufungwa na jina lake halikuweza kuingia. Kisha kambi ikafungwa, wakarudishwa Burundi, na mimi nasubiri karatasi. Sijawahi kumshika mtoto wangu. Mwanasheria anasema mwaka ujao. Mwaka jana pia alisema mwaka ujao.

Mdogo wako,
Jovini


Louisville, 15 Februari 2015

Mdogo wangu Fides,

Jovini amenipigia anajisifu kwamba ulimsomea bao akahamia ghala la viatu, na sasa amepewa usimamizi mdogo, na eti yote ulikuwa umemwambia. Nikamuuliza: na mimi niliyesali rozari kila siku hapa Beechmont kwa ajili ya kazi yake, sikuwamo?

Fides, sisi ni watoto wa katekista. Baba alimfukuza mpiga ramli kwenye mtaa wetu wa kambi kwa fimbo, ulikuwepo, uliona. Hao wazee wa watu wanajua mila zao na mimi sina ugomvi nao. Wewe mila yako ni nyingine. Mlishe mzee chakula, mwogeshe, mheshimu, halafu rudi nyumbani.

Kama ni kweli unaona mambo, niambie goti langu la kushoto litapona lini, maana kwenye kiwanda cha kufulia mashuka tunasimama kwa saa kumi. Natania. Usirushe chochote kwa ajili yangu.

Dada yako anayekupenda kuliko unavyostahili,
Agata


Buffalo, 22 Machi 2015

Dada Agata,

Shikamoo. Huna haja ya kuendelea kunigombeza, mwalimu wangu amenyamazishwa. Wiki mbili zilizopita Mzee Hsu alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia umekufa na maneno hayatoki, anatoa sauti tu na kukasirika kwa kuwa hatuielewi. Nimemzoea sana, dada. Nilikaa chooni kazini nikalia mpaka supavaiza akaja kugonga.

Mtoto wake amenipa kile kitabu nikiweke, anasema yeye hakitaki. Nakisoma kwenye basi. Goti lako sijaliuliza.

Fides


Columbus, 29 Aprili 2015

Dada Fides,

Nimeituma hii kwa posta ya haraka, wamesema utaipata kesho kutwa. Jibu kwa njia hiyo hiyo. Usinipigie, kwa sababu mambo ya mistari siwezi kuyasema mbele ya hawa watu.

Nyumbani kumechafuka. Bujumbura waandamanaji wanapigwa risasi tangu Jumapili. Kule Nyanza-Lac aliko Kanyana risasi hazijafika, lakini vijana wa chama tawala wanapita nyumba kwa nyumba wakiandika majina ya waliorudi kutoka Tanzania. Majirani wa kushoto na wa kulia wameshakimbia. Kuna mashua zinavusha watu kwa njia ya ziwa mpaka Kagunga, ng'ambo ya Tanzania. Kila nikipiga simu Kanyana ananiuliza neno moja: tuvuke au tusubiri?

Dada, faili lao limebakiza mahojiano tu. Mwanasheria anasema wakitoka Burundi litahamishwa, na kuhamishwa ni mwaka au zaidi. Wakibaki na jambo likawapata, hayo mahojiano nitamfanyia nani? Juzi Ruta aliniambia, "Baba, sauti yako imekuwa ndogo, kula."

Ushauri ninao mwingi. Kila Mrundi hapa Northland ana ushauri wake na kila mmoja unapingana na mwenzake. Ninachotaka ni mtu aniambie. Nimerusha sarafu jana kwenye chumba cha mapumziko kazini. Swali ni hilo hilo la Kanyana. Hii hapa, na wenye alama ya x ndio uliochoka:

— —  x
— —
———
— —
———
— —

Sitakuficha, moyo wangu unataka wavuke. Lakini nitafanya utakavyosoma.

Jovini


Buffalo, 2 Mei 2015

Jovini,

Barua yako ilifika jana. Sikwenda kanisani leo kwa ibada ya Jumamosi, nimekaa na kitabu tangu asubuhi. Nilitamani kumwonyesha Mzee lakini wamempeleka hospitali kwa mapafu na hawaruhusu wageni wasio ndugu. Kwa hiyo ni mimi.

Picha yako ina radi juu na maji chini. Jina lake ni Kufunguliwa. Mvua iliyokuwa imebana imenyesha, fundo limelegea. Kitabu kinasema wazi: asiye na pa kwenda arudi kwake, lakini mwenye pa kwenda aende mapema, ndiyo heri yake. Mapema, Jovini. Sijaongeza neno langu hapo, nimesoma mara tatu nikitafuta kama nimekosea.

Picha ya pili nayo inahusu kuvuka maji. Unaona mwenyewe inavyolingana na ulichouliza, kwa hiyo sioni haja ya kuirefusha.

Mpigie Kanyana. Mwambie afunge kidogo, achukue mtoto, waondoke kabla mashua hazijazuiwa. Na wewe ule, mtoto amesema kweli.

Fides


Louisville, 3 Mei 2015

Jovini,

Nimekupigia tangu Ijumaa, simu yako inatumika muda wote, najua unapiga Burundi. Nimekutumia meseji tatu. Sasa naandika ili usije ukasema hukuambiwa.

Nimezungumza na Sista Kostansia. Unamkumbuka, alitufundisha komunyo ya kwanza Mtabila. Sasa yuko na masista wenzake kwenye shule iliyo juu milimani, mbali na ziwa, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka kwa Kanyana. Ana chumba, ana chakula, na hao vijana hawaingii kwa masista. Amesema Kanyana amlete Ruta, atasoma huko huko mpaka siku ya mahojiano. Anawangoja.

Kanyana asiende ufukweni. Nasikia Kagunga watu wamejaa na hakuna maji safi. Abaki upande wake, apande mlimani kwa masista, asubiri. Nakuomba kama dada yako mkubwa, na unajua mimi huwa siombi.

Agata


Columbus, 9 Mei 2015

Dada Agata, shikamoo.

Barua yako imefika leo. Kanyana na Ruta walivuka Jumatano. Wako Kagunga.

Meseji zako niliziona siku ile ile. Sikuzifungua. Nilijua utasema wabaki, na tayari nilikuwa na neno la Fides, na sikutaka maneno mawili kichwani mwangu. Usikasirike. Wako hai na wako Tanzania, na Tanzania ndiko tulikozaliwa.

Mwambie Sista Kostansia asante.

Jovini


Columbus, 16 Mei 2015

Dada Fides,

Nimempata Kanyana kwa simu ya mtu, dakika nne. Anasema Kagunga ni kijiji kidogo na watu ni maelfu, wamekaa juu ya mchanga. Nyuma yao ni mlima uliosimama wima, mbele ni ziwa, barabara hakuna. Ipo meli moja inawachukua kwa zamu kuwapeleka Kigoma, na zamu zinakwenda kwa orodha. Jina lao liko mbali. Maji ya kunywa ni ya ziwa lile lile watu wanaloogea na kufanyia mengine.

Ruta alichukua simu akaniambia ameona samaki wadogo wa rangi. Alicheka. Ni mara ya kwanza nasikia anacheka bila kuambiwa acheke.

Kanyana aliniuliza kwa nini niliwaambia wafanye haraka vile. Nikamwambia ni wewe. Nitakueleza siku nyingine nilivyosema.

Omba meli ifike kwenye jina lao.

Jovini


Columbus, 24 Mei 2015

Dada zangu Agata na Fides,

Naandika barua moja nitoe nakala, siwezi kuandika mara mbili.

Ruta amefariki Jumanne tarehe kumi na tisa, Kagunga. Ni kipindupindu. Alianza kuhara asubuhi akifua kitambaa chake, na saa nane mchana hakuwepo. Kulikuwa na madaktari waliofika siku mbili kabla, lakini foleni ilikuwa ndefu na Kanyana alikuwa peke yake, hakuna wa kumshikia nafasi. Amezikwa huko huko chini ya mlima na watu wengine.

Kanyana alipandishwa meli Ijumaa. Yuko njiani kwenda kambi ya Nyarugusu.

Msinipigie kwa sasa. Nitapiga mimi.

Jovini


Louisville, 31 Mei 2015

Fides,

Nimesali kwanza ndipo nikaandika.

Chumba kilikuwepo. Sista Kostansia alikwishaweka kitanda cha mtoto. Niliposikia kwamba Jovini aliacha kunisikiliza kwa sababu ya mistari uliyosoma katika kitabu cha watu, nilikaa sakafuni na kofia ya kazi kichwani mpaka mume wangu akaniinua.

Sitaki maelezo. Nataka tu ujue kwamba nimekukasirikia kwa kiasi ambacho sijawahi kumkasirikia mtu. Itapita, wewe ni mdogo wangu. Kwa sasa haijapita.

Agata


Buffalo, 14 Juni 2015

Dada Agata,

Hutaki maelezo lakini lazima nikupe hili, kwa sababu nikikaa nalo peke yangu nitaugua.

Mzee Hsu alirudishwa kutoka hospitali wiki iliyopita. Hasemi, lakini akili ipo na mkono wa kushoto unafanya kazi. Juzi nilimlisha uji, nikamfuta mdomo, nikatoa ile karatasi ya Jovini nikaiweka mbele yake pamoja na kitabu kilichofunguliwa pale niliposoma. Nilitaka aniambie kwamba nilisoma sawa na kwamba Mungu ndiye alipanga vingine.

Aliitazama muda mrefu. Akaweka kidole kwenye mstari wenye alama ya x, ule wa juu kabisa, akaninyooshea kidole kimoja, yaani: huu ndio wa kwanza kurushwa? Nikasema sijui. Tukamngoja mtoto wake afike, tukampigia Jovini kwa simu yake, nikamuuliza hilo tu. Jovini akasema ndiyo, huo ndio wa kwanza.

Mzee akaishika karatasi kwa mkono wa kushoto akaigeuza juu chini.

Dada, picha hizi zinajengwa kutoka chini kwenda juu. Wa kwanza unakaa chini kabisa, wa pili juu yake, mpaka wa sita. Mimi nilijua. Nilimwona akichora hivyo kila asubuhi, mpaka nikaacha kuona kwamba ni jambo la kuelezwa, na nilipomwandikia Jovini sikumwambia. Karibu kila picha ina mwenzake, na mwenzake ni ile ile iliyopinduliwa. Mwenzake wa Kufunguliwa ni Kizuizi. Maji juu, mlima chini. Maelezo yake ni mtu amefika mahali ambapo mbele ni maji na nyuma ni mlima, na mstari wake uliochoka unasema kwenda ni kukwama, kubaki ni sifa. Ukiugeuza huo mstari unapata picha ya pili, na jina la hiyo ni Umeshavuka.

Yaani angesubiri angekuwa ameshavuka. Ndicho bao lilichosema, kama bao linasema. Nimeangalia pia ile ya kazi ya Jovini, nayo niliisoma kichwa chini, na ikatokea kweli. Sasa sijui nimwamini nani. Labda ni sarafu tu na wewe ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Mzee alinishika kidole akalia. Sijawahi kumwona akilia. Mimi sikulia, nilimbadilisha shuka nikaondoka.

Fides


Columbus, 27 Juni 2015

Dada Fides,

Dada Agata amenisomea barua yako kwenye simu. Amesema ni haki yangu kujua.

Kwa hiyo kosa ni la mkono wangu. Niliandika kama orodha za kambini, dada. Wa kwanza juu. Tumekua tukitafuta majina yetu kwenye karatasi zilizobandikwa ubaoni, orodha ya chakula, orodha ya sabuni, orodha ya safari, na kila mtu anaanza kusoma juu kwa sababu walio juu ndio wanaoondoka. Haikunijia kabisa kwamba kuna watu wanaoanza chini. Wewe hukusema, mimi sikuuliza. Sikulaumu, au nakulaumu siku nyingine na siku nyingine sikulaumu. Leo sikulaumu.

Wiki hii imekuja barua ya ubalozi kuwaita mahojiano, watu wawili, tarehe ishirini Julai. Nimeirudisha kwenye bahasha.

Kuna jambo nakuomba. Kanyana hajui habari za sarafu. Aliponiuliza kwa nini waharakishe, nilimwambia umefunga na kuomba kwa ajili yao, na Mungu amekujibu waondoke. Niliona aibu kusema kweli, na kwa neno hilo alipata nguvu ya kupanda ile mashua, maana anaogopa maji. Usimwambie. Akijua mtoto wake aliondolewa nyumbani kwa sarafu tatu, ataniacha, na sina mtu mwingine.

Jovini


Nyarugusu, 19 Julai 2015

Wifi Fides,

Barua hii inaandikwa na mimi mwenyewe Kanyana, mke wa mdogo wako. Ameichukua muuguzi anayekwenda Kasulu, atanitilia posta.

Hatujawahi kuonana ana kwa ana, maana niliolewa siku za mwisho nikiwa bado kwa wazazi wangu mtaa mwingine wa kambi, ila kwa mbali, siku mlipopanda basi la safari, ulikuwa umevaa koti la bluu lililokuwa kubwa. Jovini aliniambia ulifunga na kutuombea mwezi wa tano. Nakushukuru. Si kila mtu angefunga kwa ajili ya wifi asiyemjua.

Mimi niko kwenye hema na wanawake watano. Nilipofika waliniandika kwenye kadi ya chakula watu wawili, kwa sababu orodha ya Kagunga ilisema wawili. Nilinyamaza karibu miezi miwili nikichukua sehemu ya Ruta, unga na maharage, nikawapa watoto wa jirani. Wiki iliyopita nilikwenda nikasema. Yule kijana wa ofisi alikata jina kwa rula. Alifanya kwa adabu, sina lawama.

Wifi, nina swali na sina mwingine wa kumuuliza, kwa kuwa ni wewe uliyeongea na Mungu. Siku ile ya mwisho Ruta alikuwa na kiu. Maji ya kuchemsha yalikuwa yamekwisha na kuni hazikupatikana. Nikachota ya ziwa kwenye kikombe, nikaangalia nikaona ni meupe, nikampa. Alikunywa vikombe viwili. Tangu hapo silali vizuri.

Mungu alipokujibu kwamba tuvuke, alikuonyesha tukifika wawili au mmoja? Kama alikuonyesha wawili, basi alitupangia wawili na mimi ndiye niliyeharibu kwa kikombe changu, na nitakubali. Kama alikuonyesha mmoja, basi ilikuwa imeandikwa na nitajua si mimi. Niambie lolote lile. Nitaweza kulibeba, nisichoweza ni kutojua.

Wifi yako,
Kanyana


Buffalo, 9 Agosti 2015

Wifi Kanyana,

Barua yako nimekaa nayo siku tano. Jovini aliniomba nisikuambie hiki ninachokuambia. Baada ya kusoma habari ya kikombe siwezi kumtii.

Sikufunga. Sikuomba. Jovini alirusha sarafu tatu mara sita, akanitumia mistari, na mimi nikaisoma katika kitabu cha mzee ninayemlea kazini. Tulipiga ramli, wifi, mimi na mume wako, kwa sababu aliogopa kuamua peke yake na mimi nilifurahi kuulizwa. Mistari ile niliisoma kichwa chini. Hilo Jovini analijua na Dada Agata analijua, na wamelichukua kuwa ni bahati mbaya.

Kuna jingine wasilolijua. Kila bao lina picha mbili, ya pale mtu alipo na ya pale anapokwenda. Hata kwa kuisoma kichwa chini, ile ya pili niliipata, na jina lake lilikuwa Hujavuka. Maelezo yake ni kwamba mtu yuko majini, ameshakaribia ukingo, na hapo hapo karibu na ukingo ndipo linapompata la kumpata. Niliyasoma mara tatu. Nilielewa. Mwalimu wangu alikuwa amenionya kwamba anayeficha picha ya pili ni mwongo. Katika barua kwa Jovini niliandika kwamba inahusu kuvuka maji, nikaishia hapo. Nilifanya hivyo kwa sababu yeye alitaka mvuke, na kwa sababu neno langu lingekuwa na "lakini" ndani yake, angempigia Dada Agata, naye Dada Agata alikuwa ameshaniambia kwenye simu kwamba amewapatia chumba kwa masista, na mngebaki. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu neno linalofuatwa liwe langu.

Umeniuliza niliona wawili au mmoja. Niliona hatari, sikusema, nikaandika uondoke haraka. Mungu hakuniambia kitu chochote, kwa hiyo hakuna alichokupangia ukakiharibu. Ulikuwa mahali penye maji ya aina moja na mtoto mwenye kiu. Mama yeyote angempa. Mimi ndiye niliyewaweka mahali pale.

Nakala ya barua hii nimemtumia Jovini leo, na nyingine Dada Agata. Usimwache Jovini kwa ajili ya hili. Yeye aliuliza tu, aliyejibu ni mimi.

Sikuombi unisamehe. Lala, Kanyana. Ukiamka usiku na kile kikombe kikakurudia, kitaje kwa jina langu.

Fides